Korongo Libaki na Giza Lake

Rukia mwanangu,

Salamu zako nazitunza mpaka kesho alfajiri pale stendi, maana kumwandikia "hujambo" mtu ambaye usiku huu nitakula naye sahani moja ni kuuchezea wino. Sasa hivi uko Mahege kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hakuachii kabla hujala mara mbili. Nimefunga studio mapema. Wateja wa paspoti watarudi kesho, sura zao hazitabadilika. Nimekaa mbele ya kompyuta na picha zako mbili za lile korongo la mawe la jangwani nimeziegemeza kwenye kioo, nazitazama tangu adhuhuri. Nina jambo la kukwambia, na nikilisema kwa mdomo nitalikoroga, kwa sababu nitaanza kufoka halafu wewe utanyamaza.

Mambo ya sweta, maji ya kunywa, dua ya safari na kutomwamini kila anayekuita dada, hayo baba'ko amejiandaa kukueleza njia nzima kutoka hapa Kibiti hadi uwanja wa ndege. Usimkatishe. Nimemsikia akifanya mazoezi uani. Mimi nataka tuzungumze picha.

Ulirudi kutoka Namibia na sura ya mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. Mwezi mzima mlizunguka jangwani mkipiga picha makorongo, nyeusi na nyeupe tu, halafu mwalimu wenu wa picha akazitandaza zako mezani mbele ya wenzako akasema zimelala kama mkeka, hazina kina. Akakupa nafasi moja: nenda nyumbani, itengeneze picha moja kwa mkono wako, urudi nayo. Kwa picha hiyo ataamua kama unabaki nao mwaka mzima au unarudi kupiga paspoti na mama yako. Uliponieleza hivyo nilikasirika, kwanza kwa niaba ya paspoti. Kisha nikakwambia lete hizo picha, mimi nilikuwa natengeneza nyeusi na nyeupe wewe hujafikiriwa.

Na kweli siku za mwanzo tulifanya kazi nzuri. Unakumbuka tulivyocheka ulipoipandisha rangi nyekundu kwenye kompyuta? Mwamba ambao jangwani ulikuwa mwekundu kama tofali ukapauka kama unga wa muhogo, na ulipoishusha buluu mbingu ikaiva ikawa nyeusi. Nikasema ah, kumbe hata kwenye picha isiyo na rangi, rangi ndizo zinaamua. Zamani sisi tulikuwa tunaweka kioo chekundu mbele ya kamera kupata hilo, tena ukikosea umekosea. Ukalinoa jiwe, ukaikoleza mistari yake, mpaka mchanga ukawa kama chumvi ya mawe, ukingo wa korongo ukavaa uzi mweupe, nami nikakupiga kikofi cha mkono: punguza, mwamba haushonwi. Ukapunguza. Mbingu nyingi ukazikata, kwa sababu hazikuwa na kazi yoyote pale juu. Nilikuona unavyosogea karibu na kioo ukikunja uso, nikajisemea huyu mtoto anajua, basi tu hajaambiwa na mtu kwamba anajua.

Tukaja kugombana chini ya korongo.

Pale chini, kuta mbili zinapokaribiana, wewe uliacha peusi. Nikakwambia, "Pafungue hapo, patie mwanga, hapaonekani kitu."

Ukaniambia, "Mama, hapo ndipo korongo lenyewe lilipo."

"Nani atalipia giza? Mtu akitoa hela yake anataka kuona."

"Hapa hamna mteja, Mama."

"Kila picha ina mteja."

Ulinitazama, ukapafungua. Mawe yote ya chini yakatokea, kila kokoto na jina lake. Nikasema umeona? Ukasema ndiyo Mama. Ukachapa zote mbili, ya kwako na ya kwangu, na juzi nikakuona unaitia kwenye bahasha ya safari ile ya kwangu. Ungenijibu jeuri ningelala vizuri, lakini wewe umeniheshimu, na heshima hiyo imeninyima usingizi siku mbili sasa.

Ngoja nikueleze nilikopata ugonjwa wa kuangaza, maana wewe umeukuta nyumbani ukadhani ni elimu.

Mjomba Salum aliponichukua kumsaidia studio nilikuwa msichana mdogo kuliko wewe. Chumba chake cha giza, cha kusafishia picha, kilikuwa pale pale tunapoweka printa sasa. Kule ndani mambo ni kinyume: karatasi ikipata mwanga mwingi inakuwa nyeusi, ikipata kidogo inabaki nyeupe. Basi Mjomba alikuwa na kipande cha kadi amekifunga kwenye waya, na wakati mwanga unamwagika juu ya karatasi anakitikisa polepole juu ya uso wa mtu, anaukinga. Mwili unaiva, uso unatoka mweupe. Kadi ile ndiyo iliyojenga studio. Kwa sababu watu wetu, Rukia, unawajua mwenyewe. Wanatoka shambani, jua limewapiga tangu masika, wanakuja wamevaa shati la kuazima, na picha ikitoka na kivuli chini ya jicho wanakuja juu. "We binti, mbona umenipaka masizi?" Mwingine alinitupia picha mezani akasema kama angetaka kuonekana amechoka angebaki nyumbani.

Nikajifunza kukitikisa kile kikadi kuliko Mjomba mwenyewe. Maharusi walitoka Ikwiriri, walivuka maji kutoka visiwani wakashukia Nyamisati, wote wanamtafuta yule binti wa Kibiti anayeng'arisha. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nilikuwa najulikana mpaka ng'ambo kwa kuwaondolea watu vivuli.

Sasa ile picha ya bibi yako iliyo sebuleni. Umekua nayo, na ulipokuwa mdogo uliniuliza swali moja ambalo sikulijibu: "Mama, Bibi hakuwahi kuzeeka?"

Bibi yako alizeeka vizuri sana. Alilima mpunga kule Mbuchi, deltani, maisha yake yote, na kila msimu mpunga unapoiva alihamia dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, akakaa huko kulinda ndege mchana na nguruwe usiku. Kukodolea jua miaka yote hiyo kulimchimbia mkunjo hapa katikati ya nyusi, mrefu, ungeweza kulaza punje ya mchele ndani yake. Mashavu yalikuwa yameingia. Macho yake yalikaa ndani, kivulini, na kutoka huko yalikuwa yanakuona mpaka ulichokula jana. Nilimsihi aje studio nikiwa kwenye umaarufu wangu. Akaja na khanga mpya, akakaa, hakutabasamu, nikampiga mara moja tu. Usiku nikaingia chumba cha giza na kile kikadi, nikamfanyia mama yangu kazi bora kuliko ya bibi harusi yeyote. Nilimkinga uso mzima. Nilipomkabidhi aliishika kwa mikono miwili akaisogeza mlangoni kwenye mwanga.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, mama."

"Mie? Mie sina uso huu. Umeniosha weye mpaka umenifuta."

Kisha akacheka, unajua wazee wa kwetu, anakuchoma huku anacheka. Akanirudishia. "Kaitundike kwako. Siku ukimpata mwenyewe, nijulishe."

Niliitundika. Niliipenda, Rukia, huo ndio ukweli. Niliona yeye ndiye hajui picha. Akafariki mwaka mmoja kabla hujazaliwa, na waliokuja matangani waliitazama ukutani wakauliza kama ni dada yangu.

Ugonjwa wa kuangaza ni mmoja. Wa pili tumekuambukiza mimi na baba'ko kwa pamoja, nao ni wa haraka.

Wewe unafikiri ulianza kupiga makorongo Namibia. Ulianza Mbuchi, una miaka tisa, na ile kamera ndogo iliyokuwa haifungi vizuri kifuniko cha betri. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, likitoa maji, ile mikondo inayopita katikati ya mikoko inakauka mpaka chini, na ukishuka ndani unasimama katikati ya kuta za tope zilizokupita kimo. Tope limechongwa na maji, lina matabaka, lina mikunjo, mizizi inaning'inia juu. Ni korongo kabisa, ila ni la saa chache. Nilikuwa nakushusha humo na kukwambia piga. Baba'ko yuko juu kwenye mtumbwi, anatazama maji yanavyorudi kutoka baharini, anaanza kelele zake.

"Nyie! Maji yashaanza kujaa, mwataka kulala na kaa humo?"

"Bado kidogo!" najibu mimi.

"Hicho kidogo ndicho kinachozamisha watu! Rukia, toka humo, mwache mama yako!"

Nawe unapiga, unapiga, hutazami, unageuka huku na huku, tope mpaka magotini, unacheka. Tunarudi nyumbani na picha mia za kuta za tope na labda moja imetulia. Wanasema haraka haraka haina baraka, lakini aliyeitunga methali hiyo hakusimama mkondoni Mbuchi maji yanarudi. Kwetu mwenye haraka ndiye aliyerudi nyumbani.

Sasa nimezipitia zote ulizopiga jangwani, siyo hiyo moja tu. Nimeangalia saa zilizoandikwa kwenye faili. Unaingia korongoni saa tano, unapiga kila ukuta, saa saba umetoka. Jua liko utosini, kuta zote mbili zimepata mwanga sawa, hakuna upande. Mwalimu wako kasema zimelala kama mkeka, na kwa hilo simlaumu. Lakini najua kilichokuwa kinakukimbiza, na yeye hajui. Baba'ko alikuwa anakupigia kelele kutoka juu.

Rukia, kule maji hayarudi. Nimecheka peke yangu nilipogundua hilo, halafu nikajisikia vibaya kidogo. Korongo lile limekuwepo hapo kabla ya babu wa babu zetu na kesho litakuwepo. Kaa. Kunja khanga ukalie jiwe, uache kamera mfukoni, utazame kivuli kinavyopanda ukutani mpaka kikufundishe kina tabia gani. Ile picha uliyochagua, hii niliyoiegemeza hapa, ndiyo pekee yenye saa ya jioni, na uliniambia mwenyewe uliipiga siku gari lenu lilipopata pancha mkalazimika kusubiri. Gari limekufundisha kuliko mimi.

Nimesema maji hayarudi, lakini usiende ukakaa humo kama kuku anayeatamia mayai. Nasikia kwenye majangwa mvua hunyesha milimani mbali, mbingu yako ikiwa safi kabisa, na maji yakaja kwa mkupuo. Basi ule woga wa baba'ko usiutupe wote. Waulize wenyeji kabla ya kushuka. Ukishaambiwa pako salama, ndipo umnyamazishe.

Nirudi kwenye hizi picha mbili.

Leo adhuhuri niliziweka pamoja nikijiandaa kufurahia ya kwangu. Nikaitazama ya kwangu: kila kitu kipo. Ukuta upo, mawe yapo, chini papo. Nimemaliza, naweza kwenda kupika. Nikaitazama ya kwako. Mwanga unaanza juu kulia kwenye ule mwamba uliolala, unashuka kwenye ngazi za jiwe, unapungua, unapungua, halafu chini unakwisha. Nikajikuta nimeinamisha shingo, mtu mzima mimi na miwani yangu, nachungulia karatasi kama nachungulia kisimani. Nilikuwa nataka kujua kuna nini huko. Nikajua hapo hapo kwamba nimeshindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi mwanangu nimeshindana maisha yangu yote, kwa hiyo nimekubali, na nimekubali kwa furaha ambayo sikuitegemea. Umenipita. Nilikuwa nangoja siku hiyo na ilipofika nikakwambia pafungue.

Nikazima feni ili nifikiri. Na nilichofikiri kikanitoa kwenye kiti mpaka kwenye lile kabati la nyuma, kwenye kopo la biskuti ambalo hutaki nilitupe wala hutaki kulifungua kwa sababu ya harufu. Filamu za Mjomba zimo humo. Nyingi zimeshikana kwa unyevu, zimekuwa kitu kimoja. Nilikaa sakafuni nikazibandua moja moja nikiziinua kwenye dirisha. Kile kikadi kilikinga karatasi, Rukia. Filamu hakikuigusa, uso wa mama yangu ulibaki humo kama ulivyokuwa. Mwaka hadi mwaka nimeishi na hilo mkononi, nikalijua kama ninavyojua jina langu, na sikuwahi kufungua kopo, kwa sababu picha ya sebuleni niliiona nzuri.

Nilimpata. Ana doa la ukungu pembeni, kwenye khanga, siyo usoni. Nikafanya kama ulivyonifundisha wewe likizo iliyopita: nikaifanya simu iwake kioo cheupe, nikamlaza juu yake, nikampiga kwa kamera, kompyuta ikamgeuza, peusi pakawa peupe na peupe pakawa peusi. Akatokea hapo kwenye kioo, kijivu kijivu, kama picha zako zilivyokuwa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kuuangaza uso. Nakuapia ulikwenda wenyewe. Nikaurudisha. Nikafanya kama ulivyofanya kwenye korongo: nikauacha mwanga ubaki kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu, nikaongeza weusi kidogo kidogo mpaka ule mkunjo ukachimbika, nikayaacha macho huko huko ndani yalikokuwa yakikaa. Na hapo mama yangu akanitazama. Nimelia, na sijali ukijua. Nimelia kwa sauti mpaka jirani wa duka la mbegu akagonga kuuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, nina mgeni.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye ile picha ya ukutani hakuna aliyeweza kukiona, kwa sababu nilikifuta mimi. Huo mkunjo wa katikati ya nyusi unao. Bado haujakaa, unakuja na kuondoka, lakini ukisogea karibu na kompyuta ukibishana na kivuli unatokea pale pale, na urefu ule ule. Nimeutazama wiki nzima bila kujua namtazama nani.

Basi sikiliza nilivyoacha mambo. Picha yangu nimeitoa kwenye bahasha. Ya kwako sikuitia, nimeiacha mezani, kwa sababu nimechoka kukuamulia. Uitie kwa mkono wako. Mwalimu akiikataa, na simwoni akiikataa, awe amekataa picha yako, kazi ya jicho lako. Utapiga nyingine. Lakini akiipokea ile ya kwangu utakaa mwaka mzima jangwani na kikadi cha Mjomba Salum mkononi, na hilo sikutakii. Usiponisikiliza kwa lile neno langu moja, pafungue, utakuwa umenitii kuliko siku zote.

Humo ndani ya bahasha utakuta karatasi ndogo niliyoichapa leo imetangulia. Ni bibi yako, hujawahi kumwona. Usimwangaze. Mtundike ukutani popote watakapokupa kitanda, na kabla hujalala siku ya kwanza msogelee umwambie maneno aliyoyangoja kwangu, kwamba mwenyewe kapatikana.

Mama yako